Kona ya Kushoto

Jamani, mume wangu alivuma kwa kona. Madereva wa pikipiki walimwita Mzee wa Kona, na mvi hana hata moja. Miaka kumi na mbili anasambaza dawa kwenye zahanati, hajaanguka hata siku moja. Na kufundisha hakomi, hata usipomwomba: "Punguza mwendo kabla ya kona, si ukiwa ndani yake. Macho yatangulie, pikipiki itafuata. Ukilikodolea shimo macho, utaliingia." Kwenye kona ya kushoto alikuwa anageuza shingo nzima, kidevu karibu kiguse bega. Vijana wakamwiga. Hata mimi alinifundisha hivyohivyo mpaka nikapata leseni.

Wiki iliyopita tulikwenda kupima macho. Siku hizi bila cheti cha macho leseni haiongezwi muda. Mimi nilimsindikiza tu. Daktari akamziba jicho la kushoto. Akasoma herufi zote, hata zile ndogondogo. Akamziba la kulia.

"Haya, soma."

Mume wangu akageuza shingo huku na huku.

"Soma ubao, baba."

"Ubao uko wapi?" akauliza mume wangu.

Nilidhani utani, maana kwa utani hajambo. Kumbe wapi! Cheche ya kuchomelea vyuma ilimwingia jicho la kushoto ujanani, kabla hata hajaja kuniposa. Ukilitazama jicho ni zima, lakini halioni hata mwanga.

"We baba watoto! Wanao wote wawili umewatoa hospitali kwa pikipiki hiyo! Na mimi huko nyuma nimejiachia, nasinzia!"

"Ningekwambia, ungepanda?"

Nilitamani kumzaba kibao mbele ya daktari. Hasira ikanipanda, kisha woga wa mambo yaliyokwisha kupita.

Cheti hakupewa. Nje akanipa ufunguo, akapanda nyuma. Tulipokaribia kiwanda cha matofali, barabara inapokata kushoto, nikapunguza mwendo. Vidole vyake vikanibana kiunoni.

"Mama watoto, kushoto kuna nini?"

Kona hiyo ameipita kila siku ya kazi, na hakuwahi kumuuliza mtu.

"Kuna ukuta," nikamwambia. "Kuna mama kabeba ndoo. Baada ya hapo kweupe."

Akashusha pumzi ndefu mgongoni kwangu. Nikaimaliza kona, nikaegesha pembeni, nikalia.