Siku Nilipolinganisha Kadi za Picha Mbele ya Mwalimu Bernadeta

Haya nitakayowaambia niliyaficha miaka mingi, hata mke wangu aliyasikia kwa mtu mwingine, akanifuata uani akicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikamwambia huyo aliyekusimulia amechanganya watu. Hakuchanganya. Nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara zimefunguliwa, na Mwanza mjini kila ukigeuka unakuta duka la vitu ambavyo mwaka wa jana yake hatukuvijua. Mimi nilikuwa fundi katika duka la kompyuta la Mzee Pravin, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza vitambaa na cherehani katika chumba hichohicho (ukivuta droo ulikuta vifungo bado vimo). Ufundi wangu ulikuwa wa kozi ya miezi mitatu, ila maneno yangu yalikuwa ya mtu wa miaka kumi kazini.

Basi ikaja habari kwamba bodi ya shule moja ya Nansio, kisiwani Ukerewe, inataka kompyuta mbili, na mjumbe mmoja wa bodi hiyo ni Mwalimu Bernadeta, aliyenifundisha darasa la tatu kulekule. Alikuwa ameshastaafu, mama mwembamba mwenye miwani minene, na ndiye aliyewashawishi wenzake waje kwetu, akawaambia fundi wa pale ni mtoto wa darasani kwake. Mzee Pravin alifurahi akanunua soda na biskuti, akaalika na majirani wenye maduka, akaniambia, “Magesa, onyesha watu tofauti ya kadi ya zamani na kadi mpya. Wakiona kwa macho, watanunua mpya.”

Kadi ya picha, kwa msiojua, ni kile kibao kilichomo ndani ya kompyuta kinachochora vitu mnavyoviona kwenye skrini. Nikapanga kompyuta mbili mezani. Moja ina kadi ya zamani, kumbukumbu yake kilobaiti mia mbili hamsini na sita, rangi kumi na sita basi. Ya pili ina kadi mpya, megabaiti nne, rangi mamilioni. Haya yote niliyaandika ubaoni kwa chaki, mistari miwili, kama mwalimu.

Sasa kosa lenyewe. Asubuhi ile niliiseti ile kadi mpya kwenye kipimo cha picha kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa katika kitabu chake, nikiamini kwamba kikubwa ndicho kizuri, na kompyuta ikaniambia inabidi izimwe iwashwe upya ili mabadiliko yashike. Nikaizima. Kuiwasha tena nione inakuwaje, hapana, nilikwenda kunywa chai. Hicho kikombe cha chai ndicho kilichonimaliza.

Wageni walifika na meli ya asubuhi. Nikamwamkia Mwalimu, “Shikamoo, Mwalimu,” akaitikia marahaba na kunishika shavu mbele ya bodi nzima, akasema, “Huyu alikuwa hajui kufunga vifungo vya shati.” Watu wakacheka kidogo, na mimi, ili nirudishe heshima yangu, nikamwomba picha yake ya kitambulisho, nikaipitisha kwenye skana, nikasema tutazilinganisha kadi kwa sura ya Mwalimu mwenyewe.

Kwenye kadi ya zamani uso wake ulitokea mabaka ya zambarau na kijani, paji la uso jekundu. Watu walicheka sana, na mimi badala ya kupita haraka nikaanza kuchekesha zaidi, nikasema hii kadi ya zamani inamfanya mtu aonekane ametoka kugombana na nyuki. Mwalimu alirekebisha miwani tu.

“Sasa tazameni mpya,” nikasema, nikawasha. Maandishi ya mwanzo yakapita vizuri, halafu skrini ikalia kama mbu na kuwa nyeusi. Tukangoja. Nikasema kadi hizi mpya zina nguvu sana, zinahitaji kupata moto kwanza (sijui nililitoa wapi hilo). Tukangoja tena, soda zikaisha. Nikasema labda ni umeme, huku feni inazunguka juu ya kichwa changu na ile kompyuta ya zamani inawaka pembeni.

Mwalimu Bernadeta akauliza kwa upole, “Na hii skrini yenyewe, ni mpya au ya zamani?”

Ilikuwa ya zamani. Zote mbili zilikuwa za zamani.

“Lete kitabu chake,” akasema. Akakifungua, akapitisha kidole, akanirudishia. “Simama pale, soma mstari huu kwa sauti.” Na mimi, mtu mzima mwenye tai, nikasimama ubaoni nikasoma kwamba kabla ya kutumia kipimo kile mnunuzi ahakikishe skrini yake inakiweza. Mzee Pravin alikuwa anaangalia sakafu.

Nikasema sawa, naiwasha kwa njia ya dharura, na kweli skrini ikapata uhai, nikafurahi nikafungua picha bila kufikiri. Kumbe kwa njia ile kompyuta hutumia rangi kumi na sita tu. Mabaka ya zambarau, kijani, paji la uso jekundu, kwenye kadi ya megabaiti nne. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Nilitamani nijifungie kwenye kasha la ile kompyuta.

Nikapunguza kipimo, nikawasha mara ya tatu. Safari hii uso wake ukatokea kama ulivyo, mpaka kovu dogo juu ya nyusi na mvi mbili zilizochomoza chini ya kitambaa cha kichwa. Mwalimu akajitazama, akasema, “Huyo ndiye mimi. Nimechoka kumbe.”

Halafu akaigeukia bodi. “Kadi mpya ni nzuri, tumeona. Lakini watoto wetu watajifunza kuchapa barua, hawatakuwa wakinitazama mimi. Tuchukue za zamani, na mtaalamu awe huyuhuyu. Leo amejifunza kusoma kitabu chote.” Wakakubali. Mzee Pravin aliuza kompyuta mbili asizotaka kuuza, akanitazama wiki nzima bila kuniita kwa jina.

Tangu siku hiyo mteja akiniuliza ipi bora kati ya kadi mbili, simwandikii namba ubaoni. Namuuliza anataka kufanyia nini na ana skrini gani, kisha naiwasha mwenyewe kabla hajaja, na chai nakunywa baadaye. Na kuhusu kutania uso wa mtu aliyenifundisha kusoma, hilo niliapa palepale kuliacha, na sijalirudia.