Mume Wangu Anauguza wa Nje, Mama Yake Kaniachia Mie

Admin, naomba unifichie jina, maana mume wangu na watu wa kanisani kwetu wanapitaga sana humu.

Mie ni mama wa miaka 36, naishi Temeke, nina mume na watoto wawili. Mama mkwe wangu kapooza upande mmoja, tunaishi naye. Kumwogesha mie, kumgeuza mie, kumlisha mie. Sisemi mwanaume amwogeshe mamake, hilo haliwezekani. Ila mume wangu hata chumbani kwake haingii! Anasimama mlangoni, "Shikamoo mama," huyoo kapita. Nikilalamika mgongo unaniuma ananijibu, "Mke wangu, kila mtu na msalaba wake. Bwana kakupa huo, ubebe."

Yeye kila Alhamisi akitoka kazini eti ana huduma. Huduma gani, hasemi. Anarudi ananukia sabuni ambayo kwangu haipo. Wanawake wenzangu, nyie mngewaza nini? Simu yake nikaipekua, safi kabisa. Hapo ndo nikazidi kushtuka, nikajua mtu huyu anafuta.

Wiki iliyopita nikamwachia jirani amwangalie mama mkwe, nikapanda boda nikamfuata mpaka Vingunguti. Akaingia chumba cha uani. Nikasukuma mlango, kanga nimeshaikaza kiunoni kwa ugomvi. Jamani, nilimkuta mume wangu kapiga magoti, anamwosha miguu yenye vidonda mzee mmoja asiyeweza kutembea. Mzee wa Kiislamu, hana ndugu. Akanichangamkia, "Karibu mwanangu, huyu bwana ananiuguza, Mungu amlipe." Hakukuwa na mtu wa kanisa pale, wala wa kupiga picha. Nilikosa pa kuweka uso.

Tulivyofika nyumbani nikamuuliza, "Kwa yule unaweza, kwa mama yako unashindwa nini?"

Akainama akavua viatu, akavisogeza ukutani. Mwisho akasema, "Yule simjui. Nikimhudumia siumii."

Akavaa kandambili akatoka.

Tangu hapo sina amani. Nilidhani msalaba ni pale panapouma. Sasa huyu anamtumikia Mungu, au anamkimbia mama yake kwa jina la Mungu? Namtazama akisali mezani, siamini hata amina yake. Halafu najishtukia, labda nina wivu tu, maana yule mzee anapata mikono ambayo kwangu haijawahi kusaidia.

Sasa Jumapili hii anasimikwa kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji kaniomba nisimame nimshuhudie mbele ya waumini. Nikisema ni mtumishi, si uongo. Nikisema nyumbani hata kijiko cha uji hamshikii mama yake, nao si uongo.

Jana mama mkwe alinisikia nikimsimulia jirani. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akasema kwa shida, "Msifie mwanangu. Waambie ananilisha."

Ndugu zangu, nikisimama pale mbele niseme nini?