Kiapo cha Ndagoni na Juani

Nakumbuka siku niliyorudi Mafia na diploma yangu, mwanangu. Waliosema mtoto wa mkwezi wa minazi hatavuka darasa la nne walikuja mmoja mmoja kunipa mkono. Nilisoma kwa jasho langu, sikubebwa na mtu, na hilo nitalisema mpaka kaburini. Ila leo nakusimulia lililonivua nguo.

Zamani kijiji chetu cha Ndagoni na jirani zetu wa kisiwa cha Juani walikula kiapo cha kulindana. Maharamia wakitua kwa wenzetu, sisi huenda na silaha. Wakitua kwetu, wao huja. Mjumbe wa kuomba msaada huvua kilemba akakishika mkononi. Ukimwona hivyo unaondoka naye, maswali baadaye.

Enzi za Mwingereza maharamia walikuwa wamekwisha, kiapo kikabaki. Mimi, katibu wa kijiji, nilisoma magazetini kwamba baada ya vita kuu mataifa yanaandikiana mikataba ya kulindana, yenye vifungu na sahihi. Nikaona nami niuandike wetu. Kifungu cha kwanza: msaada ni dhidi ya adui mwenye silaha tu, na uombwe kwa barua. Nilijiona bingwa!

Asubuhi moja, jua bado liko chini, akaja Haji wa Juani, kilemba mkononi.

"Ngalawa ya wadogo zangu imevunjika mrengu, haisimami tena majini. Mkondo unawaleta huku kwenu. Nipeni vyombo tuwafuate!"

"Barua iko wapi?"

"Katibu, watu wako majini!"

"Bahari si adui mwenye silaha. Nenda Kilindoni, polisi wapo."

Vijana walikwisha kushika makasia. Walinitazama, nikatikisa kichwa, wakayaweka chini.

Mzee Shomari, mkuu wetu wa kijiji, alirudi kutoka shamba alasiri, akaelezwa. Hakunitukana. "Bwana Katibu," alisema, "wewe ukizama, tukusomee kifungu kwanza?" Akaondoka na vijana yeye mwenyewe.

Walimpata mmoja, amekumbatia ubao. Alisema mdogo wake aliachia mkono jua likiwa utosini.

Nilikwenda Juani kwenye hitima. Nikamwamkia mama yao, "Shikamoo, mama." Hakuitika. Haji akanisogezea mkeka, chakula kikaletwa. Nilipotia mkono sahanini, yule mama akasema, "Andika kwanza kifungu cha bahari, ndipo ule."

Niliandika pale pale, mbele za watu, machozi yakilowesha karatasi. Bahari, moto, njaa, maradhi. Na sharti la barua nikalifuta.

Mwanangu, nakusikia wewe na wenzako mkiuliza majirani wanaapiana kulindana kwa lipi, adui wa zamani akiwa hayupo tena. Usimtafute adui wa zamani. Muulize jirani leo anaogopa nini. Kazi ya kiapo ndiyo hiyo. Na akija mtu anahema, usimdai karatasi. Nyanyuka.

Mungu akupe miguu myepesi kuliko ulimi. Akujaalie kila mlango utakaobisha, mama wa watu akuitikie, "Marahaba."