Gramu Mia za Mlonge

Kwa miaka ishirini na sita Mulinge alipima malori kwenye barabara ya Mombasa. Kazi hiyo ilimwachia mgongo unaouma asubuhi, na imani kwamba hakuna ubishi ambao mizani haiwezi kuumaliza. Alipostaafu na kurudi nyumbani Matiliku hakukuwa na malori, kwa hivyo akaanza kupima kilichokuwepo. Alipima kuku kabla ya kutaga na baada ya kutaga. Alipima Biblia ya Kikamba na ile ya Kiingereza, akawatangazia wageni matokeo kabla hawajaketi vizuri. Siku moja alimpima paka, na paka akahamia kwa jirani kwa wiki tatu.

Mkewe, Mwongeli, ambaye majirani humwita Mama Kivuva, alivumilia yote hayo kwa sababu ile mizani ndogo ya jikoni ilimfaa yeye pia. Mwongeli alikuwa na biashara ya mlonge. Aliyachuma majani yake, akayakausha kivulini juu ya chandarua kikuukuu, akayatwanga yakawa unga wa kijani, kisha akaupakia kwenye mifuko na kwenda kuuza sokoni. Ukimwuliza mlonge unatibu nini, atakujibu kwa kukuuliza wewe unaumwa nini.

Sasa, mwaka jana mwezi wa pili, Mulinge akaanza kuishiwa na pumzi. Akipanda kale kamlima ka kanisani anakaa juu ya jiwe katikati ya njia, na wapitao wakimsalimia anasema ameketi kutazama mandhari. Kutoka pale unaona choo cha shule tu. Mwongeli akamshika mkono, akampeleka kliniki. Wakamtoa damu, wakamchunguza tumbo na kinyesi, wasione ubaya wowote, ila damu yenyewe ilikuwa kidogo.

"Damu yako ni kumi nukta nne, mzee," alisema Katunge, yule binti wa lishe pale kliniki. "Mwanaume anatakiwa kuwa kumi na tatu na zaidi. Tuanze na chakula chenye madini ya chuma, halafu urudi baada ya wiki sita tupime tena."

Mulinge alitoka akiwa ameudhika. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia madereva kwamba wamezidisha. Hakuwahi kufikiri kuna siku yeye ataambiwa amepungukiwa.

Habari zikamfikia Muchiri kabla hata hawajafika nyumbani. Muchiri alikuja Matiliku kutoka upande wa Nyeri miaka thelathini iliyopita, akafungua duka la misumari na mabati, na tangu hapo ndiye rafiki mkubwa wa Mulinge. Binti yake, Wanjiro, anafanya kazi ng'ambo na humtumia chokoleti nyeusi. Jioni hiyo akatokea na moja, akavaa miwani, akasoma karatasi yake kwa sauti ya mtu anayesoma wosia.

"Asilimia themanini na tano kakao. Ina chuma. Ina magnesiamu. Baba Kivuva, dawa yako ndiyo hii."

Mulinge akatia kipande mdomoni. Uso ukamkunjamana.

"Hii ni chokoleti ama ni kwinini?"

"Endelea tu. Utamu wake uko mbali kidogo."

Mwongeli alikuwa mlangoni na ungo mkononi. "Baba Wanjiro," alisema, "mimi nina kilo nne za mlonge ndani ya hii nyumba, na wewe unamletea mume wangu switi?"

"Mama Kivuva, hii si switi. Switi ni tamu."

"Basi hata kazi hiyo imeshindwa."

Wakati wawili hao wakibishana, Mulinge alikula kipande cha pili, cha tatu, na cha nne. Kufikia cha tano ule utamu wa mbali ulikuwa umefika. Ubishi ulipotulia, karatasi ilikuwa tupu. Akaigeuza, akasoma uzito: gramu mia moja.

Kesho yake asubuhi wote watatu wakaenda kwa Katunge kutafuta hukumu. Msichana wa watu alikuwa anataka kunywa uji wake, lakini akaufunika, akatoa kitabu chenye majedwali.

"Tunalinganisha gramu mia kwa gramu mia," alisema. "Mlonge uliokaushwa una chuma kama miligramu ishirini na nane. Chokoleti nyeusi ya namna hii, kama kumi na mbili. Kalsiamu, mlonge ni karibu elfu mbili, chokoleti ni sabini na kitu. Mafuta, hapo chokoleti inaongoza, lakini hilo si jambo la kujivunia. Sasa, kuna kitu kimoja lazima mwelewe kabla—"

Hakumaliza. Mwongeli alikuwa ameshasimama, amekaza kitenge kiunoni, anaelekea langoni kama mtu aliyechaguliwa kuwa diwani. Muchiri akamfuata akisema kwamba hicho kitabu ni cha zamani. Mulinge akafuata mwisho, akiwaza. Jana alikula gramu mia za chokoleti kwa kikao kimoja. Kama ni gramu mia kwa gramu mia, basi haki ilidai ale gramu mia za mlonge, kikao kimoja pia. Kama hafanyi hivyo, mizani imelala upande mmoja.

"Hakuna mtu anakula mlonge hivyo," Mwongeli alimwambia walipofika nyumbani. "Ni kijiko kwa mboga, basi."

"Wewe ulisema umeshinda kwa gramu mia ama kwa kijiko?"

Mwongeli akaenda kumletea mfuko wa unga. Alikuwa ameshawaambia kina mama wote wa soko kwamba ameshinda kwa gramu mia.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazee kanisani, na baada ya ajenda kuisha Mulinge aliomba dakika kumi. Akaweka mizani juu ya meza ya sadaka, akapima unga mbele ya watu. Gramu mia za chokoleti unaweza kuzificha kwenye mfuko wa shati. Gramu mia za mlonge zilijaza bakuli la uji, zikapanda kilele kama kichuguu. Mchungaji Gedion, mtu mpole aliyekuwa amevaa shati jeupe la harusi aliyotakiwa kwenda kufungisha saa nane, akasogeza kiti karibu ili aone vizuri.

Mulinge akachota kijiko kilichojaa, akakitia mdomoni kikavu, akafunga mdomo. Haukufunguka tena. Ule unga ulinyonya mate yote na kukaza kama saruji. Macho yakamtoka. Akajaribu kusema kitu kwa mkewe, ikasikika kama ng'ombe aliye mbali. Muchiri akamkimbizia maji. Maji yakafika, unga ukavimba, mashavu ya Mulinge yakajaa huku na huku, na hapo ndipo pua ilipoanza kumwasha.

Alipiga chafya moja tu.

Wingu la kijani lilipoondoka, Mchungaji Gedion alikuwa bado ameketi palepale, mikono juu ya magoti. Nyusi zilikuwa kijani. Shati lilikuwa kijani. Alifuta miwani kwa kidole kimoja, akasema kwa utulivu, "Bwana akubariki, mzee."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mulinge akaomba kikombe cha uji, akawa anakoroga unga humo, kijiko baada ya kijiko, jasho likimtiririka, meno yakiwa kama ya mbuzi aliyetoka shambani. Mwishowe akaweka kijiko chini na kuinua mkono. Muchiri akapima unga uliobaki bakulini: gramu sitini na tano.

"Kwa hivyo amekula thelathini na tano," alisema Musyimi, mweka hazina.

"Hapana," alisema Mulinge kwa shida. "Mzigo uliomwagika njiani hauhesabiwi kuwa umefika." Akachukua brashi ya viatu iliyokuwa kabatini, akamkung'uta mchungaji kwa heshima, kuanzia kola kwenda chini, juu ya gazeti. Akapima. Gramu nne. "Nimekula thelathini na moja. Andika thelathini na moja."

Musyimi akaandika, kwenye kumbukumbu za mkutano, chini ya mengineyo.

Alichosahau Mwongeli kumwambia mumewe, ama pengine hakusahau, ni kwamba mlonge ukiwa mwingi hufungua tumbo. Mulinge aliikosa ibada yote ya Jumapili akiwa ndani ya eneo la kanisa. Nyimbo alizisikia kupitia ukuta wa mabati, na sehemu ya mahubiri pia. Harusi ya Jumamosi nayo iliendelea vizuri, isipokuwa kwenye picha mchungaji anaonekana kama mtu aliyeanza kuota majani.

Jumatatu Katunge aliwakuta kwenye benchi la kliniki, Mulinge akiwa katikati, amejikunja.

"Nilikuwa nawaambia mkaondoka," alisema. "Jedwali linasema gramu mia ili hesabu iwe rahisi. Halisemi mtu ale gramu mia. Kijiko kimoja cha mlonge ni kama gramu saba. Hapo unapata chuma miligramu mbili hivi. Vipande vitatu vya ile chokoleti ni kama gramu thelathini, unapata tatu na nusu."

Muchiri akavua kofia, akaikagua ndani, akaivaa tena taratibu.

"Kwa hivyo chokoleti imeshinda," alisema.

"Sijasema hivyo, baba. Chokoleti ina mafuta na sukari, huwezi kumpa mzee kila siku asubuhi na jioni. Mlonge unaingia kwenye mboga, kwenye uji, kwenye isyo, yale mahindi na maharagwe yenu, kijiko hapa kijiko pale, na hakuna ubaya."

"Umesikia?" alisema Mwongeli. "Hakuna ubaya."

Mulinge alitoa sauti ndogo.

"Na ndengu zenu hizo," Katunge akaendelea, "mnazisahau, na zina chuma pia. Kamulia limau. Halafu, mzee, chai unakunywa saa ngapi?"

"Na chakula," alisema Mulinge. "Chakula gani utakula bila chai?"

"Chai inazuia chuma kuingia mwilini. Uwe unangoja saa moja baada ya kula."

Unga wa kijani Mulinge alikuwa ameusamehe. Chafya, tumbo, ibada nzima nyuma ya mabati, vyote alivisamehe. Lakini hili la chai aliliomba mara mbili lirudiwe, kisha akauliza kama kuna kitabu kingine.

Akalitii hata hivyo. Wiki sita akala ndengu zenye kijiko cha mlonge na limau, na kila Jumapili mchana vipande vitatu vya chokoleti, vilivyopimwa. Aliporudi kliniki damu ilikuwa kumi na mbili nukta nane. Akamwuliza Katunge ni kipi kilichoipandisha. Katunge akasema hawezi kujua.

"Hata ukipima?"

"Hata nikipima, mzee."

Walirudi kwa miguu baada ya chakula cha mchana walichokula, bila chai, hotelini pale sokoni. Mwongeli alitembea upande wa kulia akieleza jinsi mlonge unavyotengeneza damu polepole lakini kwa uhakika. Muchiri alitembea kushoto akieleza juu ya Wazungu, kakao, na moyo. Mulinge alikuwa katikati, hasikii upande wowote. Alikuwa akitazama saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini.