Mtoto Aliyezikwa Rugenge

Nilipokuwa mdogo, avenyu yetu, barabara moja ya mtaa wa Rugenge, ilikuwa na familia nyingi zilizoteremka kutoka milima ya Bijombo. Wanaume walikaa na ng'ombe kule juu. Wanawake waliishi mjini na kuuza maziwa ya mgando milangoni mwao. Mmoja wao alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Mama yangu alipolazwa hospitali ya Lemera kwa muda mrefu, huyo jirani ndiye aliyeninyonyesha pamoja na mwanawe. Nikakua nikimwita Mama.

Vita ilipofika, waliondoka wote kwa miguu kuelekea ng'ambo ya mto Ruzizi. Nyumba zao zikaingiwa na watu wengine, kanisa lao dogo likabomolewa. Leo nafundisha historia karibu na hapo, na wanafunzi wangu wanadhani watu hao hawakuwahi kuishi mjini.

Kiangazi kilichopita Mama huyo alikuja kutoka ng'ambo kunitembelea. Amezeeka, anatembea akiwa ameshika bega langu. Asubuhi moja, baada ya chai, akaniambia, "Mutoto yangu, unipeleke kwetu. Niko nataka kuona fasi tulizika mutoto."

Mtoto huyo alikufa kwa surua wakati askari walikuwa wamefunga njia ya makaburini, akazikwa nyuma ya nyumba. Ndiye niliyenyonya pamoja naye.

Tulipofika, mwenye nyumba wa sasa alisimama mlangoni, hakutupisha.

"Hii parsele, kiwanja na nyumba, nilinunua," alisema. "Niko na karatasi."

"Nyumba ni yako, papa," Mama alimjibu. "Miye nakuja kuona mutoto."

"Mutoto gani?"

Mama alinyoosha mkono kuelekea nyuma, na yule bwana, sijui kwa nini, akasogea. Mama alipita jikoni bila kuuliza njia, akasimama mbele ya kuni zilizopangwa ukutani. Mke wa yule bwana alikuwa anaosha sufuria. Alimtazama Mama, akafuta mikono, akaanza kuhamisha kuni. Mumewe akaja kumsaidia. Chini ya kuni palikuwa na udongo mgumu tu. Mama alipiga magoti, akamwita mwanawe kwa jina. Nilitaka kulia, lakini sikuona kama nina haki ya kumtangulia.

Baadaye yule mwanamke alimletea kiti. "Na ile parsele ya pembeni, ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Mama akaanza kusimulia, nami nikaomba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Alitaja fundi cherehani, mwalimu wa katekisimu, na arusi iliyoziba avenyu nzima. Majirani walikusanyika. Mzee mmoja wa kabila la Wafuliiru akamsahihisha: mlango wa kanisa ulitazama ziwa, si mlima. Walibishana kidogo, Mama akakubali.

Mtu mmoja kwenye ua akasema watu hao wa Bijombo ni wageni tu.

"Mutoto yake iko hapa chini," mwenye nyumba alimwambia. "Weye wa kwako wamezikwa wapi?"

Yule mtu akaondoka.

Mama alirudi ng'ambo. Mkuu wa shule aliisikiliza rekodi mpaka mwisho, kisha akaniomba nisiipeleke darasani kwanza, mpaka hali ya usalama itulie. Bado haijatulia. Lakini wanawake wengine waliokimbia kutoka avenyu yetu wamepata namba yangu, na wananitumia sauti zao kwa simu. Jana mmoja alinieleza njia ya kwenda bombani kuteka maji, akitaja wenye nyumba mlango kwa mlango, mpaka sauti ikamkauka.