Shangazi Hapana na Mistari Tisa

Ofisini walimwita Shangazi Hapana, na hakuna aliyejisumbua kumficha jina hilo. Kazi yake ilikuwa kukagua msimbo, yale maagizo yanayoiendesha programu yao, wa upande wa diski, ule unaoamua faili likae wapi ndani ya kompyuta, na asichokiridhia hakiingii kwenye programu. Wiki hiyo alikuwa amefura kwa hasira.

Kilichomkera kilikuwa kipande cha mistari tisa tu, kilichoandikwa na bwana wa meza ya pili, waliyemwita Chapuchapu. Kilipokea data, kikaipeleka kwenye diski, kikarudisha jibu: imehifadhiwa. Shida ni kwamba kilijibu kabla diski yenyewe haijajibu kuwa imemaliza kuandika. Shangazi aliuliza kwa maandishi, kwenye ukurasa wa ukaguzi, "Umeme ukikatika hapo katikati, je?" Chini ya swali lake wenzake wakajazana, wote wakibishania jina la hicho kipande. Mmoja alitaka jina fupi, mwingine refu, wa tatu akaleta habari za herufi kubwa. Swali lake likadoda palepale. Watu wazima na akili zao! Kitu kikiwa kidogo, kila mtu ana maoni na hakuna anayekisoma.

Na toleo la majaribio la programu lilikuwa linatoka kesho. Dada yake, fundi cherehani, alikuwa mmoja wa wajaribuji. Vipimo vya wateja wake wote vilikuwa humo, na mtaani kwao umeme ulikatika utakavyo.

"Shangazi, unatuchelewesha kwa mistari tisa," Chapuchapu alimwambia. "Si tumeijaribu mara kibao?"

"Mmeijaribu waya wa umeme ukiwa umechomekwa."

"Haya, ngoja nikutoe wasiwasi."

Akaifungua, ndani ya programu hiyo, ripoti aliyokuwa akiiandika tangu asubuhi, akabonyeza kitufe, na kwenye kioo pakatokea: imehifadhiwa. Akawageukia wenzake, kisha akachomoa waya kwa mbwembwe. Shangazi alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

Kompyuta ilipowaka tena, jina la ripoti lilikuwepo. Ndani hamkuwa na hata herufi moja. Chapuchapu alifungua, akafunga, akafungua tena. Alitia huruma, lakini Shangazi hakuwa na huruma ya kugawa siku hiyo.

"Lakini imeniambia imehifadhiwa," Chapuchapu alisema kwa sauti ndogo.

"Hivyo hivyo ndivyo dada yangu angenipigia simu kuniambia," Shangazi alijibu. "Na mimi ndiye niliyemwambia aiamini."