Bi Limeisha na Ahadi ya Cherehani

Jina lake la kuzaliwa walilijua mdogo wake na benki tu. Mtaa mzima ulimwita Bi Limeisha, kwa sababu hiyo ndiyo kauli aliyoitoa hata kabla kitambaa hakijafika mezani. Ukimpelekea gauni la kupunguza, limeisha. Ukimwomba akushonee pazia kabla wageni hawajaingia, limeisha. Kumbe gauni bado limo mfukoni mwako, na pazia bado liko dukani kwenye jora. Alikuwa fundi hodari, na karibu kila alichosema kimeisha kiliisha kweli, ingawa pengine kiliisha huku mteja kasimama mlangoni na begi la safari. Neno hapana halikuwamo kinywani mwake. Aliliona kama utovu wa adabu.

Alifanyia kazi katika chumba kimoja kinachotazama barabara, kati ya duka la viatu na fundi wa simu. Ndani mlikuwa na cherehani mbili: ndogo, ya nguo za kila siku, na kubwa, nyeusi, ya umeme, yenye sindano nene ya kushonea turubai, ngozi na mabegi. Hiyo kubwa ilikuwa ya marehemu mumewe. Aliifanyia kazi mpaka alipougua, na upande wa kulia wa meza yake rangi ilikuwa imefutika, pale alipozoea kuegemeza kiwiko. Mjane alipojifunza kuitumia, naye akaegemeza kiwiko pale pale. Mabegi ya shule yaliyotoka kwenye cherehani hiyo ndiyo yaliyomlisha.

Sasa sikiliza alivyojitia kitanzi mwenyewe. Jumapili moja alikwenda kula kwa mdogo wake. Mezani watu walikuwa wengi, na shemeji yake, mume wa mdogo wake, ndiye aliyekuwa na zamu ya kuzungumza. Bwana huyo akishika zamu hairudishi. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimefungwa, lakini yeye, alisema, hana wasiwasi hata chembe. Ataanza kushonea watu makochi. Kipaji anacho, amekosa kifaa tu. Angepata cherehani ya maana, mji mzima ungekalia kazi ya mikono yake. Watu wakacheka. Bi Limeisha akacheka kuliko wote, akapiga meza kwa kiganja.

"Chukua ile yangu kubwa, shemeji. Limeisha."

Wakapiga makofi. Alipokuwa akinawa mikono alikuwa ameshasahau.

Lakini mtenda husahau, mtendewa hasahau. Katikati ya wiki shemeji akapiga simu, akasema Jumamosi atakuja na pikapu kuchukua cherehani yake. Yake! Bi Limeisha akacheka akidhani ni utani ule ule unaendelea. Upande wa pili hakuna aliyecheka. Shemeji akamkumbusha kwamba ahadi ni deni, kwamba mashahidi ni meza nzima, na kwamba ikibidi hata mahakamani watafika. Unadhani huyu mama alijibu nini? Alijibu, "Haya, shemeji," akakata simu, kisha akakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Siku chache kabla ya karamu ile, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisimama pale kwenye kaunta yake, wakakubaliana mabegi ya watoto wa darasa la kwanza yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa. Bei walipatana, kitambaa kikaletwa, malipo ya awali yakatolewa. Hawakuandika popote. Kitambaa chenyewe kilikuwa kigumu kiasi kwamba cherehani ndogo ingevunja sindano kabla ya kumaliza pindo moja. Cherehani kubwa ikitoka, mabegi yametoka nayo, na riziki yake nyuma yao. Na akiikatalia, atakuwa mwongo mbele ya mdogo wake. Tangu mama yao afariki walikuwa wamebaki wawili tu, na hawajawahi kununiana hata kwa siku moja. Hilo ndilo lililomnyima usingizi zaidi ya mabegi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, alijisemea, kana kwamba methali ikisemwa baadaye inasaidia kitu.

Kuuliza si ujinga. Kesho yake akafunga mlango, akapanda ngazi za jengo lenye duka la vifaa vya shule chini, mpaka ofisi ya wakili mmoja, mwanamke kijana ambaye Bi Limeisha aliwahi kumshonea joho la mahakamani. Alimkuta anatafuna karanga huku anasoma. Akamsimulia yote, hata makofi. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, kisha badala ya kujibu akafungua droo, akatoa sketi iliyokufa zipu.

"Mama, utanibadilishia zipu hii kufikia Ijumaa, na mimi nitakupa ushauri sasa hivi. Umekubali?"

"Limei..." alianza, akajikamata. "Nimekubali."

"Basi hapo tayari tuna mkataba. Hatujaandika chochote, lakini mimi natoa kitu, wewe unatoa kitu, na wote wawili tumemaanisha. Usipotia zipu, nina haki ya kukudai. Nisipokushauri, nidai. Sasa niambie, siku ile shemeji yako alitoa nini?"

Bi Limeisha akafikiri kwa dhati, maana hakutaka kumdhulumu mtu. "Alinisogezea chumvi."

Wakili alicheka mpaka karanga zikamwagika. Halafu akamweleza taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Sheria haikimbizani na kila neno linalotoka mdomoni. Ingekuwa hivyo, mahakama zingejaa wajomba na mashangazi. Ahadi ya zawadi, iliyotolewa mezani kwa ndugu, katikati ya vicheko, bila yule anayeahidiwa kutoa wala kuahidi chochote, inaweza kukukaa rohoni lakini hakimu hakulazimishi kuitimiza. Angekuwa ameshamkabidhi cherehani, hapo ingekuwa ya shemeji. Angekuwa amemwambia aache kazi yake ili apewe cherehani, naye akaacha, hapo pangekuwa na neno. Je, alimwambia aache kazi? Hapana, kiwanda kilijifunga chenyewe.

"Kwa hiyo hawezi kuja na askari?"

"Hawezi kuja na mtu yeyote."

Akauliza kuhusu mabegi. Wakili akawa makini. Ahadi ile, alisema, imemfunga kabisa, karatasi iwepo au isiwepo: bei mlipatana, kitambaa kimeletwa, malipo yametangulia. Bi Limeisha akauliza kwa sauti ndogo kama mwalimu mkuu naye amefungwa, kwamba hawezi kesho kubadili nia na kupeleka kazi kwa mwingine. Naye amefungwa, akaambiwa. Ajabu ni kwamba hili ndilo lililomtoa machozi. Miaka yote alidhani ahadi ni kamba inayomfunga yeye peke yake.

Alishuka ngazi mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Lakini maneno ya mwisho ya wakili alishuka nayo: "Sheria imekufungua, mama. Ya wewe na mdogo wako, sina kifungu chake."

Jumamosi pikapu ikaja kinyumenyume mpaka mlangoni. Shemeji akateremka akiwa na shati lililopigwa pasi. Mdogo wake alibaki kiti cha mbele, hakushuka, hakuangalia upande wa dada yake. Mwenye duka la viatu akaacha kupanga viatu. Bi Limeisha alikuwa amesimama katikati ya mlango, na ndani ya kinywa chake neno ambalo hajawahi kulitumia. Akapiga moyo konde.

"Hapana, shemeji. Cherehani haitoki. Nimeuliza kwa wakili, maneno yale hayanifungi. Lakini sitaki kukushinda kwa sheria. Nilisema jambo nisilolikusudia, mbele ya watu, na wewe ukalibeba. Kosa ni langu. Nisamehe."

Alingoja kelele. Hazikuja. Shemeji alichungulia juu ya bega lake, akaitazama ile cherehani nyeusi kwa muda, kama mtu anayemtazama mbwa aliyefungwa mnyororo.

"Kweli haitoki?"

"Haitoki."

"Wakili mwenyewe kasema?"

"Kasema."

Basi yule bwana akakaa kwenye kizingiti, shati lake la pasi na yote, akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka peke yake. "Shemeji," akasema, "mimi hata kutunga uzi sijui."

Akatoa yote. Chuku alizopiga mezani zilimrudia mwenyewe. Majirani walikuwa wameshaanza kumwagiza makochi. Siku ile ya simu, mkewe alikuwa kasimama ubavuni, na mume gani atarudi nyuma mbele ya mkewe? Ndipo akaropoka ya mahakama. Tangu siku hiyo amekuwa akiiogopa Jumamosi.

Mdogo wake alikuwa ameshateremka. Alisimama kando ya pikapu, macho yamemwiva. "Dada, mimi najua ile ni cherehani ya nani," akasema. "Niliona aibu kila siku. Lakini tangu Jumapili ile alikuwa anaamka mapema, ananyoa ndevu. Miezi yote hii alikuwa haamki. Nilishindwa kumzuia."

Bi Limeisha akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu zote, na mzigo uliobaki moyoni ukaanguka hapo hapo barabarani. Kisha akamgeukia shemeji aliyekaa kizingitini.

"Nina mabegi ya shule nzima na mikono miwili tu. Wewe utanikatia na kunikunjia mpaka shule zifunguliwe. Mimi nitakufundisha cherehani, kuanzia kutunga uzi. Umekubali?"

"Limeisha," akasema shemeji.

"Hapana." Mara hii neno lilitoka bila kusukumwa. "Usiniambie limeisha. Niambie utakuja saa ngapi."

Shemeji akamtazama mkewe, akamtazama tena fundi. "Jumatatu, saa mbili asubuhi."

"Basi umefungwa."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Jumatatu saa mbili ilimkuta mlangoni, ndevu kanyoa. Bi Limeisha aliinuka akampisha kwenye kiti. Akakaa kwa woga, akatafuta mahali pa kuweka mkono, na bila kuambiwa na mtu akaegemeza kiwiko pale rangi ilipofutika. Mjane aliangalia pembeni kidogo, akalamba ncha ya uzi, akamwonyesha tundu la sindano.